Mwanamke Aliyefukuzwa kwa Kuiga Sauti Yake

Ninfa Cusimano alifukuzwa katika soko la chakula la wikendi kwa kosa la kuiga sauti yake mwenyewe. Jambo hili lilitendeka mjini Palermo, mchana kweupe, Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba mwaka 2016, mbele ya watu waliosimama kwenye foleni na sahani za karatasi mikononi, na hakuna hata mmoja wao aliyeona ajabu. Msimamizi wa soko, kijana mwenye shahada aitwaye Ruggero Alaimo, alimwendea kwenye kibanda chake na kumweleza kwa adabu, maana adabu haikumpungukia, kwamba mwito aliokuwa akiutoa kunadi panelle zake ulikuwa uleule unaotoka kwenye spika za soko. Kwamba uigaji wa namna hiyo unawachanganya wateja. Na kwamba kanuni zinamkataza muuzaji yeyote kunadi kwa kinywa.

"Unaiga vizuri, mama," alimwambia. "Kusema kweli umekaribia kabisa. Lakini hatuwezi kuruhusu."

"Naiga nini?"

"Ile sauti. Ile ya zamani."

"Mwanangu, ile sauti ni mimi."

Ruggero alitabasamu tabasamu la mtu aliyezoea kuwasikiliza wazee. "Kila mwanamke wa Ballarò wa umri wako ananiambia hivyohivyo, mama."

Alipokataa kunyamaza, aliombwa aondoke. Alimwaga mafuta kwenye dumu, akapangusa karai, akafunga mikate iliyobaki ndani ya shuka, akapita katikati ya watu. Juu ya kichwa chake, kutoka kwenye spika iliyofungwa juu ya nguzo, sauti yake ya miaka ishirini na mitano iliyopita iliendelea kuwaita wateja waende kula panelle za mtu mwingine.

Ninfa alizaliwa mwaka 1952 katika kichochoro cha nyuma ya soko la Ballarò. Baba yake alikuwa mpagazi bandarini, na mama yake alikuwa mkaanga panelle. Panelle ni chakula cha mtu mwenye haraka: unga wa dengu unakorogwa kwa maji na chumvi juu ya moto mpaka mkono uume, unapakwa ubaoni ungali moto, kwa wembamba wa kadi ya karata, unakatwa, unakaangwa, kisha unabanwa ndani ya mkate wa ufuta na kukamuliwa limau. Anayekoroga akisimama kupumua, uji hushika madonge, na madonge hayana dawa. Mama yake alimfundisha hayo kwa mwiko, mara ukiwa sufuriani, mara ukiwa mgongoni.

Alimrithisha pia mwito. Katika soko lile mwito ni mali ya nyumba, kama shamba lilivyo mali ya nyumba kwingineko. Muuza zeituni ana wake, muuza pweza ana wake, na hakuna aruhusiwaye kuchukua wa mwenzake maadamu mwenyewe yu hai. Sharti la pili ni kwamba sauti haipandi juu ya sauti: jirani akianza kunadi unamwacha amalize, hata kama mteja wako anaondoka. Wapo wasemao chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kule Ballarò methali hiyo ingechekwa, kwa kuwa chema kisiponadiwa huozea mezani, na kibaya kikipata mnadi hodari huisha kabla ya adhuhuri.

Mwito wa nyumba ya Ninfa haukuwa mrefu. "Njoni, wenye meno na wasio na meno! Zimetoka motoni sasa hivi! Zinaruka zenyewe!" Uzuri wake haukuwa katika maneno bali katika namna neno la mwisho lilivyovutwa, likapanda, likakatika ghafla kama mtu aliyefunga dirisha. Mama yake aliutoa hivyo, na bibi yake kabla ya hapo.

Aliolewa na Liborio, fundi mwashi aliyechoka kupanda majukwaa ya ujenzi na kuja kusimama mbele ya karai la mkewe. Liborio alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache na kosa moja: alipenda moto mkubwa. Akigeuziwa kisogo tu, aliongeza gesi.

Mwaka 1991 daktari aliona vinundu kwenye koo la Ninfa, akapanga kumpasua, na akamwamuru akae kimya kipupwe chote. Meza isiyonadi ni meza iliyofungwa. Ndipo Brasi, fundi wa redio wa kichochoro kile, alipotoa wazo la kunasa mwito kwenye kanda, ili Liborio aupige mpaka koo la mkewe lipone. Walinasa asubuhi, kazi ikiendelea, kwa sababu Ninfa hakuweza kunadi mbele ya ukuta. Alihitaji mtu wa kumwambia. Katikati ya mwito alinusa moshi. Bila kuvuta pumzi alisema, "Libo, punguza moto, zinaungua!" kisha akaendelea palepale alipoachia. Brasi alitaka warudie. Ninfa alitikisa kichwa: koo lilikuwa na safari moja tu, na safari hiyo ilikuwa imekwisha. Kanda ikabaki na Libo wake ndani.

Brasi alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio wepesi wa kuazimisha visivyo vyao. Shemeji yake aliyeuza panelle upande wa kaskazini kwa bajaji ya mizigo aliomba nakala. Shemeji naye alikuwa na rafiki, na rafiki alikuwa na binamu. Miaka kumi haikupita kabla sauti ya Ninfa haijaenea mji mzima, kila bajaji ya panelle ikiwa na spika juu ya paa, na mwanamke mmoja, ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza, akiwatafutia riziki wanaume wasiomjua.

Yeye mwenyewe alirudi sokoni akiwa na sauti nzito zaidi, iliyochanika pembeni kama kitambaa cha zamani. Alikwenda kulalamika. Wazee wa soko, wanaume tisa waliokuwa wakinywa kahawa, walilijadili jambo lake kwa uzito wote na kutoa hukumu: desturi inazungumzia mdomo, bajaji haina mdomo, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Mtu mwenye akili timamu na ajiulize hukumu hiyo ingekuwaje kama mwito uliochukuliwa ungekuwa wa mmoja wa wale tisa.

Maneno yale ya katikati ndiyo yaliyopendwa kuliko yote. Mji mzima uliyachukua kuwa sehemu ya mwito. Akina mama waliwaambia watoto wenye hasira, "Libo, punguza moto." Watazamaji wa mpira walimpigia kelele hizohizo mwamuzi. Bajaji ilipofika mahali pale, kila aliyekuwa karibu aliitikia kwa sauti, na ilikuwa bahati mbaya kupita bila kuitikia. Liborio alifurahi kupita kiasi. "Mimi ninajulikana kuliko askofu," alikuwa akisema, akiongeza gesi.

Alikufa kwa moyo, Februari mwaka 2009. Jeneza lilipotoka kanisani, bajaji ilikuwa imesimama kwenye kona. Dereva aliliona, akavua kofia, akanyoosha mkono kuzima kanda, lakini kanda ilikuwa imekwisha kufika pale. "Libo, punguza moto, zinaungua!" Watu wawili watatu wasiojizuia walicheka. Ninfa aliwasikia na hakuwalaumu. Ila tangu siku ile, akisikia bajaji kwa mbali, alibadilisha njia.

Kubadilisha njia kulimfanya aujue mji. Ballarò lilikuwa dunia yake yote mpaka hapo. Sasa, kila Jumatatu, siku asiyokaanga, alitoka kwenda kula kwa watu pamoja na wifi yake Oliva, dada wa marehemu, fundi wa magauni ya harusi, mjane naye, mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Walikuwa na sheria moja: kutokula nje kile wanachoweza kukipika nyumbani. Sheria hiyo iliwanyima vyakula vingi lakini haikuwanyima safari. Walikula kwenye mkahawa wa nyuma ya stesheni, ambako hakuna orodha ya vyakula na mwenye mkahawa huvitaja mbele ya meza, akikasirika ukimwomba arudie. Walikula mkate wa wengu karibu na bandari, Oliva akiunusa kwanza kama anayekagua kitambaa. Jumatatu za jua walikwenda kwenye masoko ya asubuhi chini ya kuta za mji wa kale, wakala utumbo wa kondoo uliozungushwa kwenye kitunguu na kuchomwa juu ya makaa, wamesimama, moshi ukiwaingia kwenye nywele.

"Wifi, huyu anaosha utumbo kwa maji baridi," Oliva alisema siku moja, akitafuna.

"Sasa mbona unaendelea kula?"

"Nahakikisha."

Katika safari hizo hawakuweza kuikwepa kanda. Sauti ilikuwa imeshaingia mikahawani. Mahali pamoja papya, penye viti vya chuma na taa zilizoning'inia kwenye nyaya, Oliva alikwenda kunawa mikono na kurudi akiwa amekunja uso.

"Wifi, uko chooni."

"Niko wapi?"

"Chooni. Ukifungua mlango, unaanza kunadi. Nimeshtuka nusura nife."

Ninfa alimwita kijana aliyewahudumia. "Mwanangu, ile sauti ya mlangoni ni ya nani?"

"Aa, hiyo? Ya bibi mmoja wa kale. Alishakufa, shangazi."

"Alikufa lini?"

"Zamani. Kabla sijazaliwa."

"Pole zake," alisema Ninfa. "Mletee wifi yangu maji, na mimi uniletee kahawa. Bibi wa kale anataka kahawa."

Oliva alicheka mpaka akalia. Lakini njiani kurudi nyumbani alisema lile ambalo hakuna mwingine aliyekuwa akilisema. "Unakubali vipi? Wamekuzika, na bado wanakutumikisha. Hata punda akifa hupumzishwa."

"Nifanye nini? Nikamate bajaji moja moja?"

"Sema. Una mdomo."

Katika chemchemi ya mwaka 2016 soko la wikendi lilifunguliwa katika bohari la zamani la chumvi karibu na bandari, Jumamosi na Jumapili, vibanda thelathini vya rangi moja, meza ndefu za mbao katikati, muziki jioni. Watu walilipenda, na si bila sababu. Kulikuwa na wali wa kukaanga wa duara uliojazwa nyama, kulikuwa na biringanya za siki na sukari ambazo Oliva mwenyewe alizipa heshima ya kunyamaza. Lakini panelle za soko hilo zilikuwa nene, zimepoa, zimetoka kiwandani zikiwa zimekatwa tayari. Na juu yake, kila baada ya muda mfupi, Ninfa alijisikia akiapa kwamba zimetoka motoni sasa hivi.

Hicho ndicho kilichomuudhi. Wenye bajaji, pamoja na dhambi zao, walikaanga kweli. Hapa sauti yake ilikuwa inasema uongo.

Muuzaji wa kibanda kingine alipoondoka mwishoni mwa kiangazi, Ninfa aliomba kibanda hicho, akapewa. Jumamosi mbili alivumilia, akikaanga kimya chini ya spika. Ya tatu alifungua kinywa. Yaliyofuata yameshaelezwa.

Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani alimpigia simu na kumwambia atafute wakili. Ninfa alijibu kwamba wakili atahitaji miaka, na yeye alikuwa na miaka sitini na minne. Jumamosi iliyofuata alitoa bajaji aliyoiacha marehemu mumewe, ambayo leseni yake ya kuuza barabarani haikuwa imekwisha, akaiegesha kando ya barabara mbele ya lango la bohari, akawasha moto. Spika zilipoanza, hakunadi. Alijibu.

"Zimetoka motoni sasa hivi!" spika ilisema.

"Zimetoka motoni mwaka tisini na moja!" alijibu Ninfa. "Nani anataka panelle ya miaka ishirini na mitano?"

Watu waliokuwa wakiingia waligeuka.

"Njoni, wenye meno na wasio na meno!"

"Wenye meno nendeni ndani, mtayahitaji, zile za ndani ni kandambili! Wasio na meno, njoni kwangu!"

"Zinaruka zenyewe!"

"Zinaruka kwa aibu! Muulizeni huyo mwanamke kama ameziona!"

Foleni ilianza palepale. Wanawake wawili waliotoka mikono mitupu walikaa kwenye ukingo wa barabara kusikiliza raundi ya pili, na walipomaliza mikate yao walisubiri ya tatu. Mahali pamoja tu Ninfa hakujibu. Spika ilipofika kwa Libo, aligeuza panelle karaini na kunyamaza, na watu waliitikia wenyewe kwa kelele, kama walivyozoea, wakidhani amewaachia nafasi.

Ruggero alitoka ndani akitembea haraka.

"Mama, unatuharibia kazi."

"Mimi naongea na huyo mwanamke. Wewe unaingiliaje mazungumzo ya wanawake?"

Watu walicheka. Masikio ya Ruggero yaliwaka. "Kama kweli ni wewe, thibitisha."

"Nithibitishe nini? Kwamba mimi ni mimi? Wewe daktari, umesoma, niambie hilo linathibitishwaje." Kule kila mwenye shahada huitwa daktari, hata kama hajui kufunga kidonda, na Ninfa alilitamka neno hilo kama anayeweka chumvi.

Askari wa manispaa walioitwa walisoma leseni, wakaona haina dosari, wakala mkate mmoja mmoja na kwenda zao. Ruggero alijibu kwa silaha aliyokuwa nayo: alihamisha spika mbili kubwa hadi langoni, zikamtazama Ninfa, na akaongeza sauti. Ninfa naye akaongeza. Iliendelea hivyo majira ya baridi yote, Jumamosi baada ya Jumamosi, mvua ikinyesha, mwanamke mmoja akipambana na umeme.

Februari aliamka bila sauti. Daktari, huyu wa kweli, alimulika kooni na hakufurahi. Vinundu vilikuwa vimerudi. Akiendelea kushindana na spika, alisema, itafika siku koo halitamrudishia kitu, na safari hii hakuna kisu kitakacholitengeneza.

Oliva alimchemshia chai ya asali na kumfokea kwa saa nzima. "Utabaki bubu! Umeelewa? Wewe utabaki bubu, na yule wa kwenye kanda ataendelea kunadi mpaka kiyama. Hata mimi nikitaka kukusikia itabidi niende chooni kwenye ule mkahawa."

Ninfa aliandika kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani: NITAKWENDA. Kisha akaongeza: KIMYA.

Jumamosi moja ya Machi alirudi langoni. Hakujibu kanda. Alikaanga, akapanga, akakamua malimau, na watu waliokuja kumsikia walijipanga wakingoja, wakaona hasemi, wakaanza kumchokoza kwa upendo.

"Shangazi, leo mmepatana na mwenzako?"

"Shangazi, amekushinda?"

Alitabasamu. Spika ziliendelea, kubwa, safi, za mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Zilipofika mahali pale, foleni nzima ilipaza sauti pamoja nazo: "Libo, punguza moto, zinaungua!" Aliyekuwa mbele kabisa, mwanamke kijana mwenye kikapu cha mboga, alipiga kelele kuliko wote, akicheka, na alipogeuka kuchukua mkate wake alimwona Ninfa ameshika koleo hewani.

"Nimekukosea, shangazi?"

Ninfa aliinama karibu, maana sauti yake haikuweza kuvuka kelele za karai. "Libo alikuwa mume wangu," alisema.

"Libo ni mtu?"

"Alikuwa mtu. Fundi mwashi. Alipenda moto mkubwa. Siku ile alikuwa anaunguza, nikamwambia. Wakayaacha ndani."

"Yuko wapi sasa?"

"Makaburini, miaka minane sasa."

 Mwanamke yule alimgeukia aliyekuwa nyuma yake na kumweleza, na yule akamweleza wa nyuma yake. Palermo watu huweza kuibiana mengi, lakini jina la marehemu hawalichezei. Likitajwa hulisindikiza kwa sala fupi au hunyamaza. Na hawa kwa miaka yote walikuwa wakilifokea jina la marehemu mbele ya mjane wake na kudai waongezewe limau. Habari ilitembea mpaka mwisho wa foleni, ikaingia langoni, ikapita kibanda kwa kibanda. Kanda ilizunguka ikaanza upya. Njoni, wenye meno na wasio na meno. Ilipofika kwa Libo, ilisema peke yake. Hakuna aliyeitikia. Ilikuwa mara ya kwanza mji ule kusikia maneno hayo yakianguka bila mtu wa kuyapokea, na waliokuwapo walisema baadaye kwamba ndipo waliposikia kwamba ni mke anamsemesha mumewe.

Ndani ya bohari alikuwamo muuza zeituni aitwaye Masi, mtu wa Ballarò, mwana wa mmoja wa wale wazee tisa. Alipanda juu ya ndoo, akachomoa waya wa spika iliyokuwa juu ya kibanda chake, akashuka na kuendelea kupima zeituni. Muuza wali wa kukaanga aliitazama spika yake, kisha akaitundikia aproni. Mpaka saa za jioni spika zilizobaki hai zilikuwa zile mbili za langoni.

"Nani aliyekuruhusu?" Ruggero alimwuliza Masi.

"Daktari, sauti haipandi juu ya sauti. Hii ina mwenyewe, na mwenyewe yuko pale nje anakaanga."

"Hakuna ushahidi—"

"Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa nalala nyumba ya pili. Nilikuwa naamshwa na sauti hiyo kwenda shule. Baba yangu alisema bajaji haina mdomo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alisema upuuzi."

"Na wewe ulinyamaza miezi yote hii?"

Masi aliangalia mizani. "Nilinyamaza," alisema. "Kibanda kinalipa."

Mtu anaweza kumheshimu kwa kukiri na bado akakumbuka kwamba mwanamke alipoteza koo wakati yeye akipima zeituni.

Ruggero hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa kupenda vitu vya kale kuliko watu wa kale. Wiki iliyofuata alikwenda kumtembelea Ninfa nyumbani, akiwa na sanduku la keki za jibini, akakalishwa jikoni, Oliva akiwa mlangoni kama askari.

"Tumekosea, mama," alisema. "Tunataka kurekebisha. Tutakupa kibanda cha langoni, kikubwa. Picha yako ukutani, na maandishi: Sauti Halisi. Wewe utakaa tu. Kanda itafanya kazi, koo lako litapumzika."

"Nikae kama mtakatifu kwenye kioo?" Ninfa aliuliza, kwa sauti iliyokuwa imerudi nusu.

"Mnunulie na mshumaa," alisema Oliva.

"Nafikiria afya yako, mama."

"Afya yangu niulize mimi. Sikiliza, mwanangu. Kanda inazimwa. Nikiweza kunadi mara moja kwa siku, nitanadi mara moja. Nisipoweza, nitakaa kimya, na hicho kimya kitakuwa changu. Na wengine nao wanadi, wale wenye miito yao. Umewaweka mle kama samaki wa mapambo."

"Kanuni zinasema—"

"Kanuni uliziandika wewe."

"Wateja wanapenda ile sauti."

"Ndiyo hii," alisema Ninfa. "Imezeeka. Wataizoea."

Ruggero aliondoka bila kukubali. Alirudi boharini Jumamosi, akakuta nyaya zote zimechomolewa tangu asubuhi na aproni zimetundikwa juu ya nguzo kama nguo za watoto, na wauzaji thelathini wakimwangalia bila kusema neno. Soko lisilo na sauti mjini Palermo humtisha hata mgeni. Wateja walikuwa wakiulizana kwa kunong'ona nani amekufa. Akamtuma mtu nje kumwita Ninfa. Ninfa alijibu kwamba ana wateja, na asubiri.

Bajaji za mitaa mingine bado zinatembea na kanda, na mkahawa wa viti vya chuma haujabadilisha mlango wake. Lakini katika bohari la chumvi, tangu Jumamosi iliyofuata, tarehe 8 Aprili 2017, spika hazijawashwa tena kwa ajili ya kunadi, na kifungu cha saba cha kanuni za soko, kilichomkataza muuzaji kutumia kinywa chake, kimefutwa na yuleyule aliyekiandika.